Namna ya Kukokotoa Alama ya Somo Pale Kazi na Mitihani Inapokuwa na Uzito Tofauti

Mwanafunzi aliyepata 17 kati ya 20 katika kazi ya kikundi na 22 kati ya 40 katika jaribio la kwanza hawezi kujua amesimama wapi katika somo kwa kuzitazama alama hizo peke yake. Anachotakiwa kujua ni sehemu gani ya alama 100 za somo zima imetengwa kwa ajili ya kazi ya kikundi, na sehemu gani imetengwa kwa ajili ya jaribio. Sehemu hiyo ndiyo uzito wa kazi, na ndiyo inayoamua alama itasaidia kwa kiasi gani au itaumiza kwa kiasi gani. Wanafunzi wengi hungoja mpaka matokeo ya muhula yatoke ndipo wajue, ilhali hesabu yenyewe ni ya kugawanya, kuzidisha na kujumlisha tu, na faida yake kubwa hupatikana kabla ya mtihani wa mwisho, wakati bado kuna kitu cha kufanya.

Nitatumia mfano wa somo moja la chuo kikuu nchini Tanzania, ambako mgawanyo uliozoeleka ni alama 40 za kazi za muhula, yaani kozi weki kama wanavyoiita wanafunzi wenyewe, na alama 60 za mtihani wa mwisho. Vyuo vingi vya Kenya hutumia 30 kwa 70, na kanuni ni ile ile. Kinachobadilika ni tarakimu. Kwa hiyo jambo la kwanza kabisa, kabla ya kushika kikokotoo, ni kutafuta muhtasari wa somo ambao mhadhiri huutoa wiki za mwanzo na kuandika uzito wa kila kazi kama ulivyopangwa. Usitegemee kumbukumbu ya rafiki, wala mgawanyo wa somo jingine katika idara hiyo hiyo, kwa maana wahadhiri wawili wanaweza kuzigawa alama 40 kwa njia mbili tofauti kabisa. Ukishaziandika, jumlisha: uzito wote lazima ufike 100. Usipofika, kuna kazi umeisahau, au kuna jambo la kumuuliza mhadhiri mapema.

Tuseme muhtasari wa somo letu unasema hivi: kazi za nyumbani zina uzito wa 10, kazi ya kikundi 5, jaribio la kwanza 10, jaribio la pili 15, na mtihani wa mwisho 60. Mwanafunzi wetu amefanya kazi tatu za nyumbani na kupata 18 kati ya 20, 24 kati ya 30 na 6 kati ya 10. Kazi ya kikundi amepata 17 kati ya 20. Jaribio la kwanza amepata 22 kati ya 40, na la pili 31 kati ya 50. Mtihani wa mwisho bado.

Kila kazi inapitia njia moja. Gawanya alama uliyopata kwa jumla ya alama za kazi hiyo, kisha zidisha kwa uzito wake. Jibu linalotoka ni mchango wa kazi hiyo katika alama 100 za somo. Kwa jaribio la pili, 31 gawanya kwa 50 ni 0.62, na 0.62 mara 15 ni 9.3. Maana yake ni kwamba katika alama 15 zilizowekwa kwa ajili ya jaribio hilo, mwanafunzi amechukua 9.3 na kuacha 5.7. Jaribio la kwanza ni 22 gawanya kwa 40, yaani 0.55, mara 10, linaleta 5.5. Kazi ya kikundi ni 17 gawanya kwa 20, yaani 0.85, mara 5, inaleta 4.25.

Kazi za nyumbani zinahitaji utulivu zaidi, kwa sababu uzito wa 10 ni wa kundi zima la kazi tatu, na zipo njia mbili za kulipatia kundi hilo alama moja. Njia ya kwanza ni kujumlisha alama zote ghafi: 18 na 24 na 6 ni 48, kati ya 20 na 30 na 10 ambazo ni 60, na 48 kati ya 60 ni asilimia 80, hivyo mchango ni 8.0. Njia ya pili ni kuigeuza kila kazi kuwa asilimia kwanza, yaani 90, 80 na 60, kisha kutafuta wastani wake, ambao ni 76.67, hivyo mchango ni 7.67. Njia zote mbili ni halali, lakini zina maana tofauti. Katika ya kwanza, kazi yenye alama 30 ina nguvu mara tatu ya kazi yenye alama 10. Katika ya pili, kila kazi ina nguvu sawa na mwenzake, na ile 6 kati ya 10 inamwangusha mwanafunzi zaidi. Muhtasari wa somo usipotaja ni ipi inayotumika, muulize mhadhiri kwa lugha ya wazi: je, kazi za nyumbani zina uzito sawa, au zinahesabiwa kwa jumla ya alama zake? Hapa nitachukua njia ya kwanza.

Sasa jumlisha michango: 8.0 na 4.25 na 5.5 na 9.3 inakuwa 27.05. Hizo ndizo alama ambazo mwanafunzi huyu amekwisha kuziweka kibindoni kati ya 40 za kozi weki. Akitaka kuziona kama asilimia ili ajue mwendo wake, atagawanya 27.05 kwa 40 na kuzidisha kwa 100, apate 67.6.

Linganisha jibu hilo na yale ambayo angeyapata kwa njia za mkato. Angechukua asilimia zake nne, 80, 85, 55 na 62, akazijumlisha na kugawanya kwa nne, angepata 70.5. Angejumlisha alama zote ghafi, 118 kati ya 170, angepata 69.4. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam gredi A huanzia 70, na B+ huanzia 60 hadi 69. Kwa hiyo wastani wa kawaida unamwambia mwanafunzi huyu kwamba anakwenda kwa mwendo wa A, wakati hesabu yenye uzito inamwambia kwamba yuko kwenye B+ na bado ana mlima wa kupanda. Kosa la aina hii lina madhara, kwa kuwa mwanafunzi anayejiamini kwa takwimu isiyo sahihi huupeleka muda wake wa kujisomea kwenye somo jingine. Sababu ya tofauti hiyo inaonekana wazi: alama zake nzuri ziko kwenye kazi zenye uzito mdogo, na alama zake dhaifu ziko kwenye majaribio, ambayo kwa pamoja yana uzito wa 25.

Hatua inayofuata ndiyo ninayoiona kuwa ya thamani kuliko zote, nayo ni kuirudisha hesabu nyuma ili kujua mtihani wa mwisho unadai nini. Chukua alama unayoilenga, toa ulichonacho, gawanya kwa uzito wa mtihani, kisha zidisha kwa 100. Kwa gredi A, 70 toa 27.05 ni 42.95, gawanya kwa 60, zidisha kwa 100, unapata 71.58. Kwa kuwa mitihani mingi husahihishwa kwa alama nzima, mwanafunzi wetu anahitaji 72 kati ya 100. Akipata 71, mchango wake utakuwa 42.6, na jumla ya somo itakuwa 69.65. Ikiwa chuo chake kinakadiria kwenda namba nzima iliyo karibu, atapata A, na kama hakifanyi hivyo atabaki na B+. Kwa B+, hesabu ni 60 toa 27.05, yaani 32.95, gawanya kwa 60, inadai alama 55. Kwa B, ambayo huanzia 50, inadai 39. Kwa C, inayoanzia 40, inadai 22 tu.

Hiyo 22 isimdanganye mtu. Vyuo kadhaa vina kanuni inayomtaka mwanafunzi afikie kiwango fulani cha chini ndani ya mtihani wa mwisho wenyewe, na vingine vinadai kiwango cha chini cha kozi weki kabla ya kumruhusu kuingia chumba cha mtihani. Asiyefikia kiwango hicho huenda akarudia mtihani, yaani akapata sapu, ingawa jumla yake imevuka 40. Kanuni hizo ziko kwenye kitabu cha mwongozo cha chuo, na ni lazima zisomwe sambamba na hesabu hii, si baada yake.

Kutokana na hesabu ya kurudi nyuma, unaweza pia kuona alama moja ina thamani gani mahali ilipo. Kwenye mtihani wa mwisho, kila alama moja kati ya 100 inaongeza 0.6 katika jumla ya somo. Kwenye jaribio la pili, kila alama moja kati ya 50 ilikuwa inaongeza 0.3. Kwenye kazi ya kikundi, alama moja kati ya 20 iliongeza 0.25. Mwanafunzi anayegombana na wenzake kikundini kwa sababu ya alama mbili anagombania 0.5 ya somo zima, ambayo haifiki hata thamani ya alama moja ya mtihani wa mwisho. Sisemi kazi ya kikundi ipuuzwe, 4.25 za mwanafunzi wetu zimemsaidia. Ninachosema ni kwamba muda ugawanywe kwa kuangalia uzito, na mtu mwenye wiki mbili kabla ya mtihani ajue alama zilizobaki ziko wapi.

Katikati ya muhula, wakati baadhi ya kazi hazijafanyika, jihadhari na namba ya chini unayogawanyia. Kabla ya jaribio la pili, mwanafunzi wetu alikuwa na 8.0 na 4.25 na 5.5, jumla 17.75. Uzito wa kazi zilizokwisha kufanyika ulikuwa 10 na 5 na 10, yaani 25. Mwendo wake wakati ule ulikuwa 17.75 gawanya kwa 25, sawa na asilimia 71. Angegawanya kwa 40 angepata asilimia 44.4 na kujiona ameshindwa, ilhali jaribio lenye uzito wa 15 halijafanyika hata kidogo. Kazi ambayo bado haijafanyika haihesabiwi juu wala chini. Kazi iliyopita tarehe yake bila kukusanywa ni jambo jingine: hiyo ina sifuri, na uzito wake unahesabiwa wote. Kama mwanafunzi huyu asingefika kwenye jaribio la pili bila sababu inayokubalika, ile asilimia 44.4 ndiyo ingekuwa kozi weki yake halisi.

Mwenye ruhusa ya ugonjwa au msiba huwa katika hali ya tatu, na hapa wahadhiri hutofautiana. Wengine humtungia jaribio la peke yake. Wengine huuhamishia uzito wa jaribio alilolikosa kwenye jaribio jingine: kama mwanafunzi wetu angekosa jaribio la kwanza kwa ruhusa, jaribio la pili lingebeba uzito wa 25, na 0.62 mara 25 ni 15.5, hivyo kozi weki ingekuwa 8.0 na 4.25 na 15.5, jumla 27.75. Wengine huutawanya uzito huo kwenye kazi zote zilizobaki kwa uwiano wake: michango ya 21.55 kati ya 30 ingekuzwa kufikia 40, na jibu lingekuwa 28.73. Tofauti ya karibu alama nzima inatosha kabisa kuomba uamuzi wa mhadhiri kwa maandishi, tena mapema. Vivyo hivyo kwa mhadhiri anayeahidi kuondoa kazi ya nyumbani iliyofanywa vibaya zaidi. Kwa mwanafunzi wetu, kuondoa ile 6 kati ya 10 kunabakiza 42 kati ya 50, yaani asilimia 84, na mchango unapanda kutoka 8.0 hadi 8.4. Ni nyongeza ndogo, na ni vizuri kuijua udogo wake kabla ya kuitegemea.

Kuhusu makadirio, yaache mpaka mwisho. Hifadhi desimali mbili au tatu katika kila mchango, jumlisha, kisha ndipo ukadirie mara moja kwa kufuata kanuni ya chuo. Anayekadiria kila mchango peke yake hukusanya makosa madogo madogo ambayo, kwenye mpaka wa gredi, yanatosha kumpa jibu lisilo lake.

Kazi hii yote inaweza kufanywa kwenye karatasi au kikokotoo cha simu, lakini mwenye masomo sita atapumzika zaidi akitumia lahajedwali, iwe Excel au Google Sheets. Safu A iwe ya jina la kazi, B alama uliyopata, C jumla ya alama za kazi hiyo, D uzito, na E mchango. Katika seli E2 andika =B2/C2*D2, kisha iburute kushuka hadi mstari wa 5. Mchango wa jumla ni =SUM(E2:E5), na mwendo wako hadi sasa ni =SUM(E2:E5)/SUM(D2:D5)*100. Alama unayohitaji kwenye mtihani wa mwisho ili ufikie 70 ni =(70-SUM(E2:E5))/60*100. Mambo mawili huwaharibia watu hesabu hapa. La kwanza ni kuacha seli ya alama ikiwa tupu kwa kazi ambayo bado haijasahihishwa: programu itaisoma kuwa sifuri, na uzito wake utakuwa umeshahesabiwa chini. Usiandike uzito wa kazi hiyo mpaka alama yake itoke. La pili ni kuandika uzito kama 15% katika seli moja na 15 katika nyingine. Programu huisoma 15% kuwa 0.15, na jumla yote inavurugika. Chagua namba nzima na ubaki nazo.

Kanuni hii haiishii vyuoni. Nchini Kenya, matokeo ya mwanafunzi anayemaliza Gredi ya 9 yanaunganishwa kutoka sehemu tatu: tathmini ya Gredi ya 6, yaani KPSEA, asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, asilimia 20, na KJSEA, yaani tathmini ya Gredi ya 9 yenyewe, asilimia 60. Mzazi ambaye mtoto wake ana 65, 78 na 70 kwa mpangilio huo atapata 13 na 15.6 na 42, jumla 70.6. Ataona pia kwamba alama zote zilizokuwa nje ya KJSEA zilipatikana kabla ya mwaka wa mtihani. Mtoto alizijenga miaka mitatu nyuma na kuendelea.

GPA, yaani wastani wa pointi za masomo yote, nayo ni hesabu ya uzito, isipokuwa uzito sasa ni krediti za somo, yaani namba inayoonyesha ukubwa wa somo. Katika mfumo unaotumiwa na vyuo vingi vya Tanzania, A ina pointi 5, B+ pointi 4, B pointi 3, C pointi 2 na D pointi 1. Mwanafunzi mwenye B na C katika masomo mawili ya krediti 12 kila moja, na A na B+ katika masomo mawili ya krediti 8 kila moja, atazidisha pointi kwa krediti: 36, 24, 40 na 32, jumla 132. Krediti zote ni 40, na 132 gawanya kwa 40 ni 3.3. Wastani wa pointi bila krediti ungempa 3.5, ambayo ndiyo mwanzo wa daraja la pili la juu, lakini 3.3 inamweka daraja la pili la chini, linaloanzia 2.7 hadi 3.4. Masomo yake mazuri yalikuwa mepesi kwa krediti, na yale mazito ndiyo yaliyomvuta chini. Angalia pia kanuni ya desimali, kwa sababu vipo vyuo vinavyoikata GPA kwenye desimali moja bila kuikadiria juu, na huko 3.49 husomeka 3.4.

Alama za kozi weki zikibandikwa ubaoni au kuwekwa kwenye mfumo wa chuo kabla ya mitihani, fanya hesabu yako kwanza, kisha ulinganishe. Zisipolingana, usiende kwa mhadhiri na malalamiko matupu. Nenda na karatasi zako zilizosahihishwa pamoja na michango yako, mmoja mmoja, ili sehemu yenye tofauti ionekane kwa macho. Mara nyingi chanzo ni kidogo, kama kazi iliyopotea na kuandikiwa sifuri, au jumla ya alama iliyoingizwa vibaya. Kama ile 31 kati ya 50 ingeingizwa kuwa 31 kati ya 60, mchango wake ungeshuka kutoka 9.3 hadi 7.75. Ili kufidia 1.55 hiyo, mwanafunzi wetu angelazimika kupata 75 kwenye mtihani wa mwisho badala ya 72 ili aifikie A ile ile, na marekebisho ya kozi weki huwa rahisi zaidi kabla orodha haijasainiwa na kupelekwa kwenye kikao cha idara.